Kuandaa Konso ya Mkononi kwa Gemu za Zamani

Mtu akinunua konso ndogo ya mkononi kwa ajili ya gemu za zamani, iwe Miyoo Mini Plus au mojawapo ya zile za Anbernic, jambo la kwanza ninalomshauri ni kuichomoa kadi ya kumbukumbu iliyokuja nayo, kunakili vyote vilivyomo kwenye kompyuta, kisha kuiweka kabatini asiitumie tena. Kadi hizo kwa kawaida hazina jina la mtengenezaji anayejulikana, nazo hufa bila kubisha hodi. Lawama nyingi zinazoelekezwa kwa konso, kama vile kuganda katikati ya mchezo, kupotea kwa hatua uliyofikia, au kukataa kuwaka kabisa, chanzo chake ni kadi.

Kununua kadi nyingine nako kunahitaji uangalifu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua barabarani, Kariakoo, kadi iliyoandikwa GB 128, ikafanya kazi vizuri kwa wiki mbili, halafu gemu nilizoziongeza mwishoni zikaanza kuonekana kwenye orodha bila kufunguka. Nilipoipima nikakuta ujazo wake halisi haukufika hata robo ya ulioandikwa: ilikuwa inapokea mafaili mapya bila kuyahifadhi kweli, huku majina yake yakibaki kwenye orodha. Tangu siku hiyo kila kadi mpya naipima kabla ya kuiwekea chochote, kwa kutumia H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huijaza kadi data mpaka pomoni, kisha huisoma upya kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Kadi kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache ifanye kazi hiyo wewe ukiwa na shughuli nyingine. Kwa gemu za miaka ya 1980 na 1990, GB 64 zinatosha na kubaki, isipokuwa kama unapenda sana gemu za PlayStation.

Emuleta ni programu inayojifanya kuwa mashine fulani ya zamani, kiasi kwamba gemu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine ya Nintendo ya mwaka 1983 inapata majibu yale yale ambayo ingeyapata ndani ya mashine yenyewe. Konso hizi hukusanya emuleta nyingi chini ya programu moja iitwayo RetroArch, na juu yake huwekwa mfumo wenye menyu ya kuchagulia gemu. Kwa Miyoo Mini Plus mfumo ninaoupendekeza ni OnionOS, ambao hutolewa bure, nao ndio nitakaoutumia kama mfano. Wenye Anbernic watatafuta mfumo uliotengenezwa kwa modeli yao hasa, kwa sababu mfumo wa modeli moja huenda usifanye kazi kwenye nyingine hata kama kwa nje zinafanana kama mapacha.

Kadi inatakiwa iwe katika fomati ya FAT32, yaani mojawapo ya namna za kupanga mafaili ndani ya kadi. Hapa Windows huwasumbua wengi, kwani dirisha lake la kawaida la kufomati halijazoea kutoa chaguo hilo kwa kadi inayozidi GB 32. Tumia programu ya Rufus, ambayo inaliweza. Baada ya hapo pakua OnionOS, fungua faili lililobanwa, na unakili yaliyomo moja kwa moja kwenye kadi, si ndani ya folda nyingine. Mojawapo ya folda hizo inaitwa .tmp_update, na kwa kuwa jina lake linaanza na nukta, kompyuta za Mac na Linux huificha. Ukiburuta zile tu unazoziona, utaiacha nyuma, na hiyo ndiyo inayoanzisha usakinishaji. Amuru kompyuta ikuonyeshe mafaili yaliyofichwa, hakikisha imo, kisha toa kadi kwa utaratibu badala ya kuichomoa ghafla.

Chaji konso ijae kabla ya kuiwasha na kadi mpya, kwa maana ikizimika katikati ya usakinishaji utarudia upya. Tumia chaja ya kawaida ya volti 5 na waya wenye USB ya kizamani, ile pana ya mstatili (USB-A), upande wa chaja. Chaja za kasi za simu za kisasa ziache kwa simu zake. Ukiwasha, usakinishaji utaanza wenyewe, kisha utaletewa orodha ya emuleta na programu za ziada. Chagua mashine unazozikumbuka tu. Orodha fupi hufungua upesi na haichoshi macho.

Sasa romu, yaani faili lenye nakala ya kilichokuwa ndani ya kaseti au diski. Emuleta yenyewe si kosa kisheria. Gemu ndizo zenye wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi nyingine za ubunifu. Njia iliyo safi ni kunakili kaseti na diski unazozimiliki, au kutumia gemu mpya ambazo watunzi wa leo huziandika kwa ajili ya mashine za zamani na kuzitoa bure, na zipo nyingi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kila romu huenda kwenye folda ya mashine yake ndani ya Roms: FC ni ya Nintendo ya kwanza, SFC ya Super Nintendo, GB ya Game Boy, MD ya Mega Drive, PS ya PlayStation. Ukiongeza gemu na isionekane, bonyeza Select ukiwa kwenye orodha na uchague kuisoma upya.

PlayStation ina mambo yake. Gemu moja mara nyingi huwa na faili la bin na la cue, na vyote viwili lazima vikae pamoja. Afadhali kuvigeuza kuwa faili moja la chd kwa programu ya chdman, ambayo pia hupunguza ukubwa. Emuleta hufanya kazi vizuri zaidi ikipewa faili la BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine halisi, kwa mfano scph5501.bin, ambalo lina baiti 524,288 kamili. Likizidi au kupungua hata baiti moja, fahamu kwamba nakala hiyo ina kasoro.

Chagua pia toleo la gemu kwa makini. Matoleo ya Ulaya yalitengenezwa kwa televisheni za picha 50 kwa sekunde, ya Marekani na Japani kwa picha 60, na gemu nyingi hazikurekebishwa zilipohamishwa, hivyo toleo la Ulaya hutembea polepole na muziki wake unavutika. Wapo watakaolipenda kwa sababu ndilo walilokua nalo, na sina ugomvi nao.

Kioo cha Miyoo Mini Plus kina nukta 640 kwa 480. Picha ya Nintendo ya kwanza, yenye 256 kwa 240, ikizidishwa mara mbili inajaza urefu wote wa kioo bila nukta yoyote kupindishwa, na ya Game Boy ikizidishwa mara tatu inaacha ukingo mwembamba juu na chini na mpana kidogo pembeni. Kwa hiyo katika mipangilio ya video ya RetroArch washa chaguo la kukuza picha kwa namba kamili. Maandishi yatasomeka vizuri hata ukiwa juu ya kivuko cha Kigamboni saa saba mchana, mradi umegeukia kivulini.

Mwisho, zoea kuzima konso kwa kitufe na kusubiri, kwani OnionOS huhifadhi mahali ulipoishia kabla ya kuzimika. Kila baada ya wiki chache nakili folda ya Saves kwenye kompyuta. Gemu unaweza kuzipata tena, lakini ule mchezo uliouacha kwenye mlango wa adui wa mwisho uko ndani ya folda hiyo peke yake.