Jinsi ya Kuomba Masomo ya Uzamili wa Uhandisi katika Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, ilianzishwa kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamivu yanayoihudumia jamii na viwanda. Kwa sababu hiyo, mwombaji wa uhandisi anashauriwa kuanza na tatizo analotaka kulichunguza, kisha ndipo aifungue fomu.

Andika kwanza andiko dhana, yaani muhtasari wa utafiti unaotaka kuufanya, la kurasa mbili hivi. Mada kama "kuboresha maji safi Tanzania" ni pana mno na haimwambii msomaji utafanya nini. Vyanzo vingi vya maji kuzunguka Mlima Meru vina madini ya floraidi yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, ukomo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na dalili zake huonekana kwenye meno ya kahawia ya wakazi. Hivyo mwombaji anayeuliza chujio la kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa katika kisima cha shule moja hudumu miezi mingapi kabla ya kubadilishwa mkaa, tayari ana jambo la kupima. Ni katika taasisi hii ambapo Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la maji lililoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015.

Andiko likiwa tayari, mtumie mhadhiri ambaye tafiti zake zinakaribiana na mada yako, ukimwomba awe msimamizi. Wakati huohuo tafuta mwenyeji, yaani atakayekupokea kufanyia utafiti wako kwake, kiwandani au katika shirika la ufundi. TEMDO, inayosanifu na kutengeneza mitambo, na CAMARTEC, inayoshughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, zote zipo Arusha, na karakana ndogo haipaswi kudharauliwa. Hata pale ambapo barua ya mwenyeji haikutajwa katika masharti, kwa maoni yangu ndiyo huyapa maombi uzito, mradi iwe na nembo na mhuri, imtaje mtu wa kuwasiliana naye, na ieleze bayana kama utapewa mashine, takwimu au eneo la majaribio, na ni matokeo gani yanayoruhusiwa kuchapishwa.

Vyeti havina mengi. Kwa kawaida uzamili hudai shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5. Aliyesoma nje ya nchi aombe mapema utambuzi wa shahada yake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Hakikisha jina lako linafanana katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo, na kama herufi zinatofautiana, pata hati ya kiapo kwa wakili kabla ya kupakia chochote.

Baada ya hapo fungua akaunti katika mfumo wa maombi wa taasisi, jaza taarifa, kisha lipa ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12 itakayotolewa na mfumo, kupitia benki au simu. Usilipe kwa namba binafsi ya mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ofisa udahili. Tunza risiti.

Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya mwajiri mara tu anapowasilisha maombi, kwani barua hiyo hupita ofisi nyingi. Asiye Mtanzania, akishapata nafasi, ataombewa kibali cha ukaazi daraja C kwa kutumia barua ya udahili na pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kuisha.