Hereni kwa Masikio Yanayowasha: Namna ya Kuchagua Metali

Mwanamke akiingia kwenye duka la urembo mjini Arusha na kuomba hereni za silva, muuzaji humletea hereni zenye rangi ya fedha, na akiomba za goldi, huletewa zenye rangi ya dhahabu. Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake, kwa kuwa katika lugha ya dukani silva na goldi ni majina ya rangi, kama ilivyo bluu au kijani, wala si majina ya metali. Mwenye masikio yasiyosumbua hapotezi chochote kwa hilo. Yule ambaye masikio yake yanakataa hereni, kama tunavyosema, hulipia tofauti hiyo kwa wiki nzima ya kujikuna, na kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuchagua hereni ni kuacha kuuliza rangi na kuanza kuuliza hereni imetengenezwa kwa kitu gani.

Metali inayosumbua watu wengi kuliko nyingine zote ni nikeli. Ni nyeupe, ni ngumu na inang'aa vizuri, ndiyo maana watengenezaji wa mapambo ya bei nafuu huichanganya na metali nyingine, au huipaka kama tabaka la chini kabla ya kuchovya rangi ya dhahabu juu yake. Jasho na majimaji ya ngozi huilegeza kidogo kidogo, chembe zake hupenya kwenye ngozi, na kwa baadhi ya watu kinga ya mwili huzichukulia kuwa adui. Mwili ukishajifunza kuikataa nikeli hausahau kirahisi. Mzio huo, au aleji kama wengi wanavyouita, kwa kawaida hudumu maisha yote, hata mtu akikaa miaka kadhaa bila kuvaa chochote. Dalili nazo hazitokei papo hapo bali huchelewa, mara nyingi kati ya saa 12 na saa 72, na ndiyo sababu mtu huvaa hereni mpya harusini Jumamosi, akaanza kuwashwa Jumatatu, kisha akailaumu sabuni. Kwa kuwa jasho lina sehemu kubwa katika jambo hili, hereni iliyovumilika Arusha kwenye baridi ya Julai huweza kuwasha vibaya Moshi kwenye joto la Februari.

Ni vema kutofautisha mzio na uambukizo kabla ya kutumia fedha kununua hereni nyingine. Mzio huwasha zaidi kuliko kuuma, mara nyingi hushika masikio yote mawili, na ngozi huwa kavu yenye magamba au hutoa majimaji mepesi; mwenye nao aghalabu hupata upele kama huo chini ya kitovu, pale kifungo cha jinzi kinapogusa, au kwenye kifundo cha mkono chini ya saa. Uambukizo huuma, huvimba, huwa wa moto ukiugusa na hutoa usaha, mara nyingi upande mmoja tu. Huu wa pili hautibiwi kwa kubadilisha metali, bali unahitaji kituo cha afya.

Mimi mwenyewe nilitogwa masikio Moshi nikiwa mdogo, kwa sindano na uzi, na kwa muda mrefu matundu yangu yalizuiwa yasizibe kwa vijiti vya chelewa vilivyokatwa kutoka kwenye ufagio. Simshauri mtu kufanya hivyo leo, maana ufagio ni ufagio. Hata hivyo masikio yangu hayakuwahi kuwasha katika miaka yote hiyo, na yalianza kuwasha siku chache baada ya kununuliwa hereni zangu za kwanza za kuchovya, zilizong'aa kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba chelewa, pamoja na ubaya wake wote, haina nikeli.

Katika kuchagua, usiangalie ua la mbele bali kijiti kinachopita kwenye tundu, kwa sababu hicho ndicho kinachokaa ndani ya ngozi saa zote. Hereni inaweza kuwa na shanga, jiwe, mbao au pembe kwa mbele, nayo ikawa haina neno, lakini kijiti chake kikawa cha waya usiojulikana. Kinyume chake pia ni kweli: kijiti kizuri huweza kubeba ua la bei rahisi bila madhara makubwa, mradi ua lenyewe lisilalie ngozi.

Metali yenye usalama zaidi kwa masikio ya namna hii ni titani, ileile inayotumika kutengeneza vipandikizi vya mifupa na meno. Ni nyepesi, haishiki kutu, na mtengenezaji makini huandika kwenye kadi yake alama ya ASTM F136, ambayo ni kiwango cha titani ya kuwekwa mwilini. Rangi yake ya asili ni kijivu kilichofifia, lakini huweza kupewa rangi ya zambarau, bluu au dhahabu kwa umeme bila kupakwa kitu. Niobi hufanana nayo kwa tabia na huvaliwa ikiwa safi, bila mchanganyiko. Platini nayo ni nzuri sana, ila bei yake inatosha kuifunga habari yake hapa.

Dhahabu inahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndiyo ambayo mama zetu walituambia kwamba haidhuru. Walisema kweli kwa dhahabu waliyoijua. Dhahabu safi ya karati 24 haisumbui karibu mtu yeyote, lakini ni laini mno kwa hereni, hivyo sonara huichanganya na metali nyingine, na suala zima linabaki kwenye hicho kilichochanganywa. Karati 22 ina dhahabu kiasi cha asilimia 91.6 na hugongwa muhuri wa 916. Karati 18 ina asilimia 75 na muhuri wake ni 750. Karati 14 ina asilimia 58.5 na huandikwa 585. Karati 9 ina asilimia 37.5 tu na huandikwa 375, maana yake zaidi ya nusu ya hereni hiyo si dhahabu. Dhahabu ya njano kwa kawaida huchanganywa na fedha na shaba, na ikiwa ya karati 18 kwenda juu watu wengi wenye mzio huivaa bila shida. Dhahabu nyeupe ndiyo ya kuihoji, kwa sababu weupe wake mara nyingi hutokana na nikeli, kisha ikafunikwa kwa tabaka jembamba la metali nyeupe iitwayo rodi, ambalo huchakaa kadiri miaka inavyopita. Hili linatuhusu sisi wa kaskazini moja kwa moja, kwani tanzanaiti ya Mererani huuzwa sana Arusha ikiwa imefungwa kwenye dhahabu nyeupe au kwenye fedha. Jiwe halina kosa lolote. Muulize sonara weupe wa dhahabu yake umetokana na nini. Akijibu kwamba ni paladi, metali nyeupe isiyo nikeli, endelea kuzungumza bei, na akijibu kwamba ni nikeli, mwombe akufungie jiwe hilohilo kwenye dhahabu ya njano.

Fedha halisi hutambulika kwa muhuri wa 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha na inayobaki, kwa kawaida, ni shaba. Wengi wenye mzio wa nikeli huivumilia vizuri. Hubadilika kuwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani na jasho linaloigusa, na weusi huo husafishwa kwa kitambaa laini. Haumaanishi kwamba umeuziwa bandia. Jihadhari badala yake na kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani, jina ambalo limewapotosha watu kwa miaka mingi: ndani yake hamna fedha hata chembe, ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, kwa hiyo mwenye mzio anayeinunua hulipia kile anachokikimbia.

Kisha kuna chuma kisichoshika kutu, ambacho wauzaji hukisifu kwamba ni kile cha vifaa vya upasuaji. Sifa hiyo husikika vizuri kuliko inavyostahili. Aina inayojulikana kama 316L ina nikeli kati ya asilimia 10 na 14, ingawa nikeli hiyo imeshikwa kwa nguvu ndani ya chuma na hutoka kidogo sana. Kwa tundu lililopona na mtu mwenye mzio hafifu huwa inafaa. Kwa tundu jipya, au kwa mtu ambaye saa ya mkononi tu humtoa upele, singeipendekeza. Umoja wa Ulaya, ulioanza kudhibiti nikeli kwa sheria ya mwaka 1994, haupimi leo ni nikeli kiasi gani iliyomo ndani ya kijiti cha hereni bali ni kiasi gani kinachotoka, na kikomo chake kwa vitu vinavyopita kwenye matundu ya mwili ni mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Hereni ya chuma iliyoandikwa kwamba imefikia kiwango hicho ni ya kuaminika zaidi kuliko ile iliyoandikwa tu kwamba haina aleji, maneno ambayo mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuyaandika kwenye kadi.

Hereni za kuchovya zinaweza kuvaliwa kwa saa chache kwenye shughuli, kisha zivuliwe. Tatizo lake ni kwamba hudanganya: mwezi wa kwanza ni shwari, kisha tabaka la juu huchakaa pale kijiti kinaposuguana na tundu, na nikeli ya chini hujitokeza. Kupaka kijiti rangi ya kucha isiyo na rangi husaidia siku chache tu, nayo hubanduka, na wapo ambao ngozi yao huikataa rangi hiyo yenyewe.

Dukani, nenda na kioo cha kukuzia au tumia kamera ya simu kuusoma muhuri kwenye kijiti, si kwenye kadi. Usiitegemee sumaku, ambayo watu wengi huiamini: metali nyingi zenye nikeli hazivutwi na sumaku, kwa hiyo hereni isiyovutwa haijathibitishwa kuwa salama. Kipimo cha kuaminika zaidi ni dawa ya maji inayoitwa dimethiliglioksimu, ambayo ukiidondosha kwenye pamba na kusugulia hereni, pamba hugeuka waridi ikiwa nikeli inatoka.

Kwa hereni za shanga za Kimasai, ambazo kwa hakika sitamshauri mtu aziache, jambo rahisi ni kumpelekea sonara akung'olee kulabu ya waya iliyokuja nazo na kuweka ya fedha ya 925. Ni kazi ya dakika chache kwa koleo ndogo, na hereni hubaki ileile kwa sura.

Anayetoga sasa, au anayemtoga mtoto, aanze na metali nzuri kabisa anayoimudu, kwa sababu tundu bichi ndilo mlango rahisi wa mzio kuingia. Ndewe huchukua wiki 6 hadi 8 kupona, na gegedu la juu huchukua miezi mingi. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi, robo kijiko cha chai kwa kikombe kimoja, na uache spiriti, kwani huunguza ngozi inayojaribu kufunga. Kovu likianza kukua kupita ukubwa wa tundu, usibadilishe hereni ukitumaini litarudi, bali mwone daktari wa ngozi. Walio karibu na Moshi wanayo hospitali ya KCMC, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu mwaka 1992.

Ukishanunua hereni mpya, ngoja kwanza upele wa zamani upone kabisa, kisha vaa jozi moja tu na uipe siku tatu kabla ya kutoa hukumu. Ikiwa mbele ya sikio kumetulia lakini nyuma bado kunawasha, kagua kibanio. Wengi wetu hununua hereni za titani, tukapoteza vibanio vyake ndani ya wiki, kisha tukachukua vile vya hereni za kuchovya zilizotupwa kwenye droo.