Kulala ndani ya boti ziwani Uganda: viboko, mamba na wadudu wa usiku

Nyinyi ambao mmeanza kuishi ndani ya boti huku Ziwa Victoria, iwe ile ya kubeba kuni kutoka visiwa vya Ssese au ile yenye kachumba nyuma unapika humo unalala humo, jueni kitu kimoja mapema: mnyama ana njia yake ya kila siku, na mara nyingi akija kwenye boti yako ni kwa sababu umetia nanga juu ya hiyo njia au umemwita na taa na matumbo ya samaki. Ndo maana kazi kubwa ya usalama inafanyika kabla jua halijazama. Usiku ukishaingia na uko mahali pabaya huna la kufanya zaidi ya kuomba Mungu.

Tuanze na kiboko kwa sababu huyo ndo anapindua maboti. Mchana anakaa majini, giza likiingia anatoka kula majani nchi kavu, na anarudi kabla hakujapambazuka vizuri. Anapitia mahali pale pale kila siku. Sasa angalia shida yenyewe iko wapi: upepo na radi za ziwa letu zinakuja sana usiku, kwa hiyo kila mtu anatafuta ghuba iliyotulia yenye mafunjo na matete ya kuvunja mawimbi, na ghuba kama hiyo ndo kiboko naye anaipenda, maji ya kina kifupi, chini matope, majani karibu. Mimi nasema bora ulale kwenye ghuba ya mawe au mchanga hata kama boti itayumba kidogo, ila iwe imekingwa upande ambao upepo unatokea.

Kabla hujashusha nanga, zunguka ukingoni polepole kukiwa bado na mwanga. Tafuta mafunjo yaliyolazwa chini yakafanya kama mfereji, upana wa kiboko mzima, matope yake yamekuwa laini yanateleza na pembeni kuna nyayo za vidole vinne. Angalia na vichaka vya pembeni, kiboko akinya anapiga piga mkia na mavi yanarukia majani, sasa ukiona majani yamepakwa mavi mpaka usawa wa kiuno na bado ni mabichi, washa mashine uondoke, usiseme ni usiku mmoja tu. Alafu pima kina kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Kiboko anapenda maji ambayo anasimama chini na pua inatoka juu, kwa hiyo upondo wako ukigusa chini kirahisi bado uko kwake, sogea mpaka usiguse.

Ukitembea mchana ukawaona, usikate katikati yao na usiwazuie kufika maji ya kina, kiboko akishtuka anakimbilia kina na kama wewe uko njiani atapita hapo hapo ulipo. Gonga mbao za boti na kasia au upondo, taratibu, wajue uko wapi, kwa sababu anaweza kukaa chini ya maji kama dakika tano na akaibuka chini yako bila kukusudia. Akifungua mdomo wazi kabisa usidhani ana usingizi, hapo anakwambia uondoke. Mwenye mtoto hata usimsogelee, na yule dume aliye peke yake ndo mbaya, analinda maji yake na hana mzaha. Na laifu jaketi uvae, usiikalie, maana boti ikipinduka watu wengi wanakufa kwa kuzama kabla hata mnyama hajawagusa.

Mamba ni habari nyingine kabisa. Kiboko ana hasira, mamba ana subira. Anaangalia. Kama kila asubuhi saa moja unainama upande ule ule wa boti kuosha sufuria, ameshajua. Watu wa wilaya za Mayuge na Bugiri hawajasahau yule mamba waliyemuita Osama, alikamatwa 2005 pale Luganga baada ya kuua watu kwa miaka mingi. Kwa hiyo badilisha badilisha mazoea yako. Maji chota na ndoo yenye kamba ndefu ukiwa umesimama katikati ya boti, usiinamie maji. Mikono na miguu isining'inie nje, hasa watoto, na mtoto wa kwenye boti afungwe kamba kiunoni akiwa nje ya kachumba, wala usione aibu watu wakikucheka. Samaki usipasulie pale unapolala, matumbo na magamba weka kwenye debe lenye kifuniko ukamwage mbali na mahali watu wanaoga au wanachota maji. Ukitaka kushuka nchi kavu, shuka kwenye mwalo wazi, sio penye matete, na usitembee kwenye maji ya kiunoni kuvuta boti gizani. Tangu maji ya ziwa yalivyopanda 2020 yakameza mialo mingi, sehemu ambazo zamani zilikuwa kavu sasa ni majani yenye maji, usiamini mazoea ya zamani ya mtu.

Hapo hapo kwenye matete kuna konokono wa kichocho, kwa hiyo maji ya kuoga chota ziwani kati, sio ukingoni, na dawa ya kichocho umeze kila wahudumu wa afya wanapopita kuigawa.

Kwenye magugu maji na vile visiwa vinavyoelea msifunge boti hata kama vinaonekana vimetulia. Upepo ukigeuka vinakuburuta, na ndani yake kuna nyoka. Nyoka anaogelea vizuri, anapanda kwa kamba ya nanga au anaingia na majani yaliyonasa kwenye mashine, kwa hiyo asubuhi usishike rundo la kamba au nyavu kwa mkono mtupu, ligeuze na fimbo kwanza. Usiku usikanyage bila tochi. Mtu akiumwa na nyoka usikate, usinyonye, usikaze kamba, mlaze atulie, funga kijiti kwenye huo mguu au mkono usichezecheze, mtoe pete na saa, na mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa wadudu. Wale wa ziwani wanatoka kwa wingi sana mwezi ukiwa mpya, utaona kwa mbali kama moshi unasimama juu ya maji. Hawaumi, ila wakikufikia unapumua wadudu, wanajaa machoni na kwenye chakula. Zima taa, funika sufuria, funga kitambaa puani, na kama unaweza kwepa lile wingu ukae upande ambao upepo unatokea. Wale wengine wanaotoka siku chache baada ya mwezi mpevu, weupe weupe wenye mabawa laini, hao hawana shida kwako ila mabuu yao wanakula boti yako. Wataalamu wanawaita Povilla adusta. Buu anatoboa mbao iliyo chini ya maji anafanya kitundu chenye umbo la U na ndani anakitandika hariri. Ukiipandisha boti mwaloni, kwaruza ubao wa chini na kisu, ukiona vitundu viwili viwili vimekaribiana, ndo yeye. Usisubiri maji yaanze kuingia, kausha boti juani, ziba, paka rangi.

Kenge atapanda kutafuta samaki, mwachie njia ya kutokea na atashuka, ukimbana kwenye kona atakuchapa mkia na kuuma. Fisi maji ataiba samaki kwenye nyavu, ni njaa tu, usimtegee sumu, hiyo sumu itarudi kwenye sahani yako.

Na usiue mnyama kwa kisasi, sheria ya wanyamapori ya 2019 inakufunga. Kiboko au mamba akianza kuzoea mwalo wenu, mwambieni mwenyekiti wa kijiji (LC1) na muwaite UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, wao wana watu wa kumkamata na kumhamisha. Sheria hiyo hiyo imeweka fidia kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa na baadhi ya wanyama pori nje ya hifadhi, ila bila ushahidi hupati kitu, kwa hiyo piga picha boti na jeraha kabla hamjagusa kitu, andika saa na mahali, chukua majina ya walioona, na karatasi ya hospitali usiiache ikalowana, ifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) pamoja na kitambulisho chako.