Tachipadi ikigoma kila unapochapa: jaribu haya kabla hujanunua nyingine

Wiki iliyopita dada mmoja, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Tandahimba, aliniletea laptopu pale steshenari kwangu, Mtwara mjini. Minada ya korosho inakaribia na yeye anaingiza majina ya wakulima na kilo zao kwenye Excel. "Kaka, nikishaandika kilo nikitaka kupeleka mshale kwenye jina la pili, hauendi. Mpaka nisubiri. Nikisubiri unaenda vizuri tu." Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia tachipadi, kile kibao cha kusogezea mshale chini ya kibodi, imekufa, anunue nyingine.

Hayo maneno yake ya mwisho, kwamba akisubiri mshale unaenda vizuri, ndiyo yaliyonionyesha kuwa tachipadi ni nzima. Unapochapa, kitako cha kiganja kinalala juu ya tachipadi au karibu yake. Bila kinga, kingekuwa kinasogeza mshale na kubofya ovyo, na maneno yako yangerukia mstari mwingine. Kwa hiyo kompyuta ikiona herufi imebonyezwa, inaipuuza tachipadi kwa muda mfupi. Anayechapa barua ndefu haoni shida. Anayechapa tarakimu tatu kisha kusogeza mshale, tarakimu tatu kisha mshale, siku nzima, anaumia kweli.

Nimeshakutana na tatizo hili kwenye mashine nyingi, na la kwanza lilinilia jioni nzima. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Hakikisha ndilo tatizo lenyewe

Fungua Notepad. Usichape chochote. Sogeza kidole kwenye tachipadi, uone mshale unakwendaje. Sasa chapa neno korosho upesi, na herufi ya mwisho ikishabonyezwa tu, shusha kidole na ukisogeze hapohapo. Rudia mara tano.

Ukiona mshale unasita baada ya kuchapa tu, endelea na hatua ya 2. Ukiona unasita hata kabla hujagusa kibodi, nenda hatua ya 5, haya ya katikati hayatakusaidia.

Hatua ya 2: Windows yenyewe

Kwenye Windows 11 ingia "Settings", halafu "Bluetooth & devices", halafu "Touchpad", fungua sehemu ya "Taps". Kwenye Windows 10 ni "Settings", "Devices", "Touchpad". Tafuta "Touchpad sensitivity". Utakuta machaguo manne: "Most sensitive", "High sensitivity", "Medium sensitivity" na "Low sensitivity". Mashine nyingi zinakuja zikiwa kwenye "Medium".

Anza na "High". Chapa nusu saa kazi yako halisi. Kama bado inakukera, ndipo uende "Most sensitive", ambayo inaondoa ule muda wa kusubiri. Ila ukifika huko, kiganja chako hakina tena wa kukizuia. Dawa yangu, na hii naisisitiza kwa kila mtu ninayemsaidia, ni kutoa alama ya tiki kwenye "Tap with a single finger to single-click", palepale chini yake. Kuanzia hapo kugusa hakubofyi. Kubofya ni mpaka ukandamize tachipadi mpaka isikike "ta". Kiganja kikipapasa, mshale utatikisika kidogo lakini maandishi yako hayatahama. Mwanzoni kidole kinaona kazi, baada ya siku mbili kinazoea.

Ukishafanya hivyo na mambo yamekaa sawa, funga ukurasa huu ukaendelee na kazi.

Hatua ya 3: Kama hicho kipengele hakipo kabisa

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima, kuanzia alasiri mpaka isha. Soma taratibu.

Kuna aina mbili za tachipadi kwenye mashine za Windows. Ya kwanza inaendeshwa na Windows yenyewe kwa utaratibu unaoitwa Precision Touchpad, ulioanza na Windows 8.1 mwaka 2013. Ya pili inaendeshwa na draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya aliyeitengeneza, na kwenye laptopu za zamani mara nyingi utakuta ya Synaptics au ELAN. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa kwetu ni za mtumba, kwa hiyo hiyo aina ya pili bado tunayo tele. Kwenye Windows 10 ukurasa wa "Touchpad" unakuambia wazi kwa juu: "Your PC has a precision touchpad". Usipoyaona maneno hayo, na hakuna "Touchpad sensitivity", uko kwenye aina ya pili. Usihangaike tena na "Settings".

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, bonyeza Enter. Dirisha la mausi litafunguka. Angalia vichupo vya juu, cha mwisho kulia kwa kawaida ndicho cha tachipadi: kinaweza kuandikwa "Device Settings", "ELAN" au jina la kampuni ya mashine. Ingia, bonyeza "Settings" au "Options" iliyo humo, kisha tafuta neno lolote lenye Palm au Typing. Synaptics waliita "PalmCheck", baadaye "SmartSense". ELAN wanaita "Palm Tracking". Ni kitelezo cha kuvuta kushoto au kulia. Kipunguze mpaka robo, usikizime. Bonyeza "Apply" kwenye dirisha dogo, kisha "Apply" kwenye lile kubwa pia. Ukibonyeza moja tu, mashine nyingine hazihifadhi.

Kichupo hakipo? Basi draiva ya mwenye tachipadi haijawekwa au imeharibika. Hii ilikuwa hali ya mashine yangu ya kwanza, na mambo niliyoyafanya usiyarudie.

Kwanza, kabla hujagusa draiva, chomeka mausi ya waya ya USB na uhakikishe inafanya kazi. Ukiondoa draiva ya tachipadi, unaweza kubaki huna mshale kabisa. Azima hata kwa jirani.

Pili, usipakue zile programu zinazodai zitasasisha draiva zako zote kwa mara moja. Sizitaki kwenye mashine ya mtu yeyote ninayemfahamu. Geuza laptopu, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha chini, ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, weka namba hiyo, chukua draiva ya tachipadi ya toleo lako la Windows. Kibandiko kikiwa kimefutika, bonyeza Windows na R, andika msinfo32, utasoma modeli kwenye "System Model". Faili inaweza kuwa kubwa, kwa hiyo angalia bando lako kwanza.

Tatu, utakutana na mtu atakayekushauri uingie "Device Manager" uchague draiva ya "PS/2 Compatible Mouse". Ni kweli, kule kusubiri kutaondoka papo hapo. Lakini pamoja nako kunaondoka kushusha ukurasa kwa vidole viwili na mbinu nyingine zote za vidole, kwa sababu sasa Windows inaiona tachipadi kama mausi ya kawaida. Karani mwenye orodha ya majina mia nane atashushaje ukurasa? Kwangu hiyo ni njia ya dharura, ya kutumia mpaka ukipata draiva halisi.

Nne, na hili ndilo lililonimaliza. Nilipakua draiva sahihi, nikaiweka, nikazima mashine kwa "Shut down", nikawasha. Hakuna kilichobadilika. Nikaitoa, nikaiweka tena, nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikaenda kutafuta toleo la zamani zaidi, nikala bando, nikaweka, nikazima, nikawasha. Vilevile. Nilikuwa nimeshaamini tachipadi ni mbovu. Kisha Windows ikaleta ujumbe wake wa masasisho ukiomba "Restart now". Nikakubali. Ilipowaka, kichupo kipo na tachipadi inatii.

Sababu yake ni hii. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Fast Startup, na kwenye laptopu nyingi kimewashwa tangu mwanzo. Ukibonyeza "Shut down", programu zako zinafungwa, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva kinahifadhiwa kwenye diski kama kilivyo, kisha ukiwasha kinarudishwa kilekile ili mashine iwake haraka. "Restart" haifanyi hivyo. Inaanza upya kabisa. Kwa hiyo baada ya kugusa draiva yoyote, tumia "Restart". Kama lazima uzime, shikilia Shift wakati unabofya "Shut down". Mimi huwa naizima kabisa Fast Startup kwenye mashine za kazi: "Control Panel", "Power Options", "Choose what the power buttons do", halafu bofya "Change settings that are currently unavailable" na utoe tiki kwenye "Turn on fast startup". Mashine inachelewa kidogo kuwaka, lakini kila ikiwaka unajua imeanza upya.

Jambo la mwisho hapa: masasisho ya Windows yanaweza kuleta draiva nyingine na kurudisha mipangilio ya mwanzo. Tatizo likirudi baada ya miezi, anza na main.cpl tena kabla hujamwita mtu.

Hatua ya 4: Ubuntu na ndugu zake

Wanafunzi wa vyuo huniletea hizi, mashine zinazotumia Linux badala ya Windows. Kwenye matoleo mapya fungua "Settings", "Mouse & Touchpad", zima "Disable Touchpad While Typing". Kama huoni hicho kipengele, fungua "Terminal", dirisha la kuandikia amri, na uandike:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad disable-while-typing false

Inafanya kazi palepale. Huko kusubiri ni milisekunde 200 ukibonyeza herufi moja, na 500 ukichapa mfululizo.

Hatua ya 5: Ambayo hayako kwenye mipangilio

Tachipadi ina umeme wake mdogo, na inahisi jinsi kidole chako kinavyoubadilisha. Kidole chenye jasho au mafuta ya nazi kinaichanganya, na kwa joto letu la Novemba jasho halikosekani. Futa tachipadi kwa kitambaa kikavu, futa na mikono.

Chomoa chaja, jaribu tena. Mshale ukitulia baada ya kuchomoa, mbaya ni chaja au soketi isiyo na ethi. Tafuta chaja halisi ya mashine yako.

Weka laptopu kwenye meza iliyonyooka. Ikiyumba, au tachipadi imeinuka upande mmoja, au imekuwa ngumu kubofya, huenda betri iliyo chini yake imevimba. Hapo zima, usichaji, usijaribu kuikandamiza wala kuitoboa. Peleka kwa fundi leo.

Ya yule dada ilimalizika hatua ya 2: "Most sensitive", na kugusa kumezimwa. Ila nilimwonyesha na kitu kingine kabla hajaenda stendi. Kwenye Excel, andika jina, bonyeza Tab, andika kilo, bonyeza Tab, andika namba ya ghala, kisha bonyeza Enter. Kisanduku kinarudi chenyewe mwanzo wa mstari unaofuata, chini ya lile jina. Aliingiza wakulima kumi pale kwenye kaunta, mkono haujaacha kibodi.