Jinsi ya kuigiza watumiaji wawili wa NOMA kwa kompyuta, na mahali ambapo hesabu hupotoka

Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya mawasiliano, alikuja nyumbani kwangu Kirumba, Mwanza, akiwa na grafu iliyoonyesha kwamba NOMA, njia ya kuwahudumia watumiaji wawili wa simu kwa masafa yaleyale na kwa wakati mmoja, inaushinda ugawaji wa kawaida wa chaneli katika kila hali. Ninaandika hapa njia tuliyoifuata hadi akapata matokeo anayoweza kuyatetea mbele ya msimamizi wake.

Hatua ya 1: Fahamu kinachogawanywa. Katika 5G, watumiaji hutenganishwa kwa OFDMA, ambapo kila mmoja hupewa vipande vyake vya masafa na muda. NOMA huwaweka wawili katika kipande kilekile kwa wakati mmoja na kuwatofautisha kwa nguvu: aliye mbali na mnara hupewa nguvu nyingi, aliye karibu hupewa kidogo. Wa mbali husoma ishara yake akiihesabu ya mwenzake kuwa kelele, ilhali wa karibu huanza kwa kuisoma ishara ya wa mbali, huifuta, ndipo asome yake. Kundi la 3GPP, linaloandaa viwango vya mitandao ya simu, liliichunguza kwa ajili ya 5G lakini halikuifanya kuwa sehemu ya viwango vyake, na watafiti wa 6G bado wanaishughulikia.

Hatua ya 2: Sakinisha Octave, programu ya hesabu. Ni ya bure, na ukishaisakinisha haihitaji bando. Sishauri vifurushi vya uigaji vilivyoandikwa na wengine, kwa sababu vinaficha mstari uleule unaopaswa kuuhoji.

Hatua ya 3: Chagua watumiaji wasiolingana. Tulimweka mmoja karibu na mnara, uwiano wa ishara kwa kelele ukiwa desibeli 30, yaani mara 1,000, na wa pili tukamweka kwenye mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ziwani, kwa desibeli 10, yaani mara 10. Thamani hizi tumezichagua wenyewe kwa ajili ya mfano. Ukiwapa wote wawili desibeli 20, jumla ya NOMA na ya ugawaji wa kawaida zitalingana kabisa, na huo ni mtihani mzuri wa kuhakiki programu yako kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: Andika kasi. Wa mbali anapata 0.8 ya nguvu, wa karibu 0.2:

mbali = log2(1 + 0.8\*10/(0.2\*10 + 1))
karibu = log2(1 + 0.2\*1000)

Utapata 1.87 na 7.65, jumla 9.53 (ukijumlisha kabla ya kufupisha desimali), kwa biti kwa sekunde kwa kila hezi. Wakigawana muda nusu kwa nusu, yaani kwa ugawaji wa kawaida, wanapata 1.73 na 4.98, jumla 6.71.

Hatua ya 5: Weka mabaki ya ufutaji. Hapa ndipo grafu ya mpwa wangu ilipokuwa na kasoro, na ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza usiku mbili nzima. Mstari wa pili hapo juu unachukulia kwamba ishara ya wa mbali imefutwa yote, jambo ambalo kipokezi halisi hakiliwezi, kwa kuwa kinaifuta kwa makadirio yake ya chaneli, na makadirio hayo yana makosa, hasa mtumiaji akiwa kwenye bodaboda na chaneli yake ikibadilika upesi. Kwa hiyo andika:

karibu = log2(1 + 200/(1 + e\*800))

ambapo 200 ni 0.2 ya 1,000, 800 ni 0.8 ya 1,000, na e ni sehemu ya nguvu ya wa mbali iliyobaki baada ya kufutwa. Kwa e ya 0.001 wa karibu anapata 6.81, bado vizuri. Kwa e ya 0.01, yaani asilimia moja tu, anashuka hadi 4.54, chini ya zile 4.98 alizokuwa nazo bila NOMA, na jumla inakuwa 6.41.

Mpwa wangu aliniuliza, “Mjomba, mbona mimi niliweka 0.01 na sikuona tofauti?” Alikuwa ameiga ishara yenyewe, alama kwa alama, akazidisha ukubwa wa ishara kwa 0.01, na nguvu ni mraba wa ukubwa, kwa hiyo mabaki yake yalikuwa 0.0001. Kosa langu la zamani lilikuwa hilohilo. Ukiiga ishara, zidisha kwa sqrt(e). Ukiiga nguvu, zidisha kwa e. Na ukisoma mabaki kwa desibeli, -20 ni 0.01 ya nguvu lakini ni 0.1 ya ukubwa. Usichanganye njia hizi mbili katika faili moja, na andika kipimo pembeni ya kila thamani, hata kama unaona kinajulikana.

Hatua ya 6: Chora jumla dhidi ya e. Tumia mhimili wa logi kwa e, kisha weka alama pale mstari wa jumla ya NOMA na ule wa jumla ya ugawaji wa kawaida inapokatana. Kwa mfano wetu ni karibu na 0.0078, yaani desibeli -21, na namba hiyo ndiyo mpwa wangu aliyoiandika katika ukurasa wa kwanza wa matokeo yake.