Wasifu wa daktari wa mgongo husomwa kutoka chini

Ami yangu wa Mtambwe, Pemba, katumiwa wasifu wa daktari kwa WhatsApp. Kurasa 11, picha ya bwana mwenye tai juu, na chini yake ujumbe wa wakala: "Nafasi za mwezi huu zimebaki chache." Hospitali iko nje ya nchi, na jina lake silitaji. Ami ana miaka 71. Akitoka nyumbani kwenda msikitini miguu inakufa ganzi njiani, akikaa kitako kidogo ganzi inaondoka: dalili ya mfereji uliobana, yaani njia ya mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo imekuwa finyu. Wanawe walishaanza kutafuta wa kumkodisha mikarafuu ili wapate nauli. Akanipigia: "Mwanangu, wewe uko thieta. Hebu nisomee, huyu ni nani?"

Mimi si daktari. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, Unguja, mwaka wa 19 huu. Timu za wageni zikija, wasifu wao hufika kabla yao, na mimi huusoma kwa ubinafsi wangu tu: nataka kujua, mgonjwa akishalala kifudifudi, daktari ataniomba chuma gani ambacho sina. Kwa hiyo nilivyomfundisha ami kusoma ndivyo ninavyosoma mwenyewe.

Anzia chini. Wasifu hupangwa mapya juu, na juu ndiko kunakopambwa. Chini kabisa kuna chuo cha udaktari na mwaka. Chukua kalamu, andika mwaka huo, kisha panda nao mwaka kwa mwaka mpaka leo. Usisome sifa, hesabu miaka. Kwetu Tanzania digrii ya udaktari ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa mafunzo kazini, ndipo mtu aanze kuufikiria ubingwa. Marekani, ubingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu ni miaka 7 baada ya digrii, na wengi humo ndani hutengewa mwaka mmoja au miwili ya utafiti. Uingereza ni miaka 8, baada ya miaka 2 ya mwanzo kazini. Ujerumani 6. India utaona herufi MCh: miaka 3 juu ya MS ya upasuaji wa jumla. Ukanda wetu utaona FCS, ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999. Njia zote hizo ni halali. Unachokitafuta ni shimo, au miaka miwili iliyobeba mambo ya miaka sita.

Sasa njoo kwenye neno linalobabaisha watu: felo. Huyu ni daktari aliyekwisha kuwa bingwa, akaamua kwenda kukaa kwa mabingwa wa mgongo, mara nyingi miezi 12, azame kwenye kitu kimoja. Asubuhi thieta, jioni wodini, usiku simu ya dharura. Mwenye mwaka wa namna hiyo utamjua hata akinyoosha mkono kupokea chombo. Lakini neno hilohilo hubandikwa kwa mtu aliyesimama nyuma wiki sita akatazama, mikono kifuani. Kutazama si aibu, mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwa kutazama. Ila kutazama kuitwe kutazama.

Kwa hiyo kwenye kila ubobezi wa namna hiyo tafuta mambo matatu: tarehe ya kuanza na ya kumaliza pamoja na mwezi (mwaka mtupu hautoshi), jina la hospitali, na kama alikuwa anapasua au anaangalia. Daktari wa ami alikuwa na "ubobezi wa mgongo" uliochapwa kwa wino mzito. Tarehe zake, kwa maandishi madogo, zilianza Machi na kuishia Aprili ya mwaka huohuo. Kurasa nne zilizofuata zilikuwa vyeti vya kozi za siku mbili mbili, na kadhaa katika hizo ziliandaliwa na watengenezaji wa skrubu za kuungia pingili za mgongo. Wanaofundisha kutumia skrubu yao hawana ubaya, lakini usitarajie wakufundishe lini usiitumie.

Kuna jambo litakuchanganya hapa. Ukikuta bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyesomea Marekani hana mwaka wa ufelo wa mgongo, usimtupe. Katika ile miaka yake 7 mgongo ni sehemu kubwa ya kazi, na wengi hupasua diski na mifereji iliyobana bila kurudi kusoma tena. Wengine mwaka huo huufanya ndani ya mafunzo yenyewe. Bingwa wa mifupa ndiye ambaye baada ya miaka 5 kwa kawaida huongeza mwaka mmoja wa mgongo. Ubobezi wa ziada unahesabika sana pale migongo iliyopinda inaponyooshwa, uvimbe unapotolewa, au kazi inapofanywa kwa tundu dogo.

Watu huniuliza: wa mifupa au wa ubongo? Kwa mfereji uliobana, wote wawili wanaweza. Uvimbe ulio ndani ya utando wa uti wa mgongo mpe wa ubongo. Nimemaliza hapo.

Angalia pia amefanya kazi wapi. Jengo la NED, la upasuaji wa ubongo na mgongo, pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, lililosimamishwa na taasisi ya Kihispania ya daktari José Piquer, lilifunguliwa 2014. Taasisi ya Mifupa Muhimbili nayo ina ushirikiano wa muda mrefu na chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York, na mafelo kutoka nje wamekaa Dar es Salaam kwa miezi. Nikiona mstari kama huo napumua. Huyu anajua kufanya kazi kwa siiam moja, ile eksirei ya umbo la herufi C, na hataganda umeme ukikatika. Aliyezoea mashine za kumwelekeza kila skrubu naye ni hodari kwao, lakini hapa siku ya kwanza hutupotezea saa nzima akitafuta kitu ambacho hakipo.

Tafiti ndizo watu huziruka, na mimi ndizo ninazokaa nazo zaidi. Orodha ndefu isikutishe. Ingia PubMed, orodha ya tafiti za udaktari mtandaoni, ni bure, andika jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina lake. Tazama jina lake limekaa wapi kwenye orodha ya waandishi. Kwa desturi ya tafiti za udaktari, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa, wa mwisho ndiye mkubwa aliyesimamia, na wa saba kati ya kumi na mbili inaweza kuwa alichangia, inaweza kuwa alipita tu. Kisha soma muhtasari utafute mambo mawili: wagonjwa wangapi, na walifuatiliwa muda gani.

La muda ndilo linalofichua. Marekani kuna kanzidata kubwa ya upasuaji iitwayo NSQIP, na felo anaweza kuandika makala nyingi kutokana nayo akiwa kwenye kiti chake. Makala hizo zina faida. Lakini kanzidata ile humfuatilia mgonjwa siku 30 tu. Inakwambia kidonda kilioza au hakikuoza. Haikwambii kama mzee alirudi kutembea mpaka msikitini mwaka wa pili, na ami hakuulizia kingine ila hicho.

Halafu jiulize anapenda kuuliza nini. Mwaka 2016, toleo moja la jarida la udaktari la New England Journal of Medicine lilitoa tafiti mbili zinazogusa maradhi haya ya ami. Wa Sweden walikuwa na wagonjwa 247 wa umri wa miaka 50 mpaka 80, wakagawanywa kwa kura: hawa wafunguliwe mfereji tu, hawa wafunguliwe na pingili ziunganishwe kwa skrubu. Baada ya miaka 2 hali zao zilikuwa sawa, ila wenye skrubu walipoteza damu zaidi na wakalala hospitali siku nyingi zaidi. Wa Marekani walikuwa na wagonjwa 66, wote pingili moja imeteleza mbele. Huko wenye skrubu walipata nafuu kidogo zaidi, na waliorudishwa thieta walikuwa wachache zaidi. Daktari aliyesoma upande mmoja tu wa toleo hilo ana jibu kabla hajaona picha yako. Wasifu wa ami ulikuwa na makala 14. Tisa zilikuwa visa vya mgonjwa mmoja mmoja, vyote vimefungwa skrubu, vyote vimekwenda vizuri. Mimi miaka 19 sijaona orodha ya thieta isiyo na hata mmoja aliyerudi.

Usajili usiupuuze, lakini hauchukui muda. Uliza nambari ya leseni, kisha uliza baraza la madaktari la nchi anayofanyia kazi. Kama hawakupi nambari, hapana.

Na kuna wakati wasifu hausomwi kabisa. Aliyeanguka mkarafuu, shingo imeumia, miguu haisikii, huyo mlaze kwenye ubao, kichwa kisigeuke, aondoke saa hiyohiyo. Utafiti wa 2012 wa watu 313 walioumia uti wa mgongo shingoni ulionesha kuwa waliopasuliwa kabla ya saa 24 walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudisha nguvu. Kutoka Pemba saa 24 ni chache mno. Vilevile mwenye mgongo ambaye ghafla mkojo unamtoka bila habari, au kapata ganzi pale anapokalia: hospitali leo, usingoje boti ya kesho kutwa kwa sababu ya daktari unayemtaka.

Kwa ami, nilimwandikia maswali matatu nyuma ya bahasha. Umefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka jana, kwa mikono yako? Nikingoja miezi sita, nini kitatokea? Kwa nini skrubu, kwa mgongo wangu huu? Tukayatuma. Jibu lilitoka kwa wakala: "Daktari ni mzoefu sana, mzee asiwe na wasiwasi."

Ami akapanda boti kuja Unguja. Bingwa aliyemwona hapa ana ukurasa mmoja na nusu wa wasifu, na miezi 12 ya mgongo yenye tarehe zote. Tulipomuuliza la skrubu alisema hawezi kujibu mpaka aone kama pingili inacheza, na kwa hilo anataka eksirei mbili, moja mzee amesimama, moja ameinama mbele.

"Niiname kama rukuu?" ami akauliza.

"Kama rukuu, mzee. Ukifika mwisho usiseme kitu, tulia tu."

Pingili haikucheza. Atafunguliwa mfereji bila skrubu, mwezi ujao, na mimi nimeomba siku hiyo nisipangwe zamu.