SOMO: Kumweka mgonjwa kwenye begi la presha mlimani (someni kwanza, ndipo mnipigie)

Wakuu, msimu huu nimepigiwa simu mara sita kutoka kambi za Barafu na Kibo huko Kilimanjaro, nyingine saa nane za usiku, swali ni lile lile: "Kaka, mgeni kazidiwa, hili begi la Gamow linatumikaje?" Mtu kabebesha wagumu (wapagazi) zaidi ya kilo sita tangu getini na hajawahi hata kulikunjua. Naandika mara moja. Atakayepiga tena namtumia hii.

Kwanza tuelewane. Begi hili ni mfuko mrefu unaofungiwa ndani mtu aliyeugua kwa hewa nyembamba ya juu mlimani. Halina oksijeni ya ziada. Ni hewa hii hii unayovuta wewe, imesindiliwa ndani mpaka ikazidi ya nje kwa psi 2 (psi ni kipimo cha presha). Mgonjwa akiwa Barafu, mita 4,673, mwili wake unajiona uko kama mita 2,900, juu kidogo tu ya kambi ya Mandara. Umemshusha bila machela. Ukimtoa, yuko Barafu palepale.

Si la mtu mwenye kichwa kinachogonga kidogo. Ni la anayeyumba kama katoka kwenye mbege (mwambie atembee mstari mmoja, kisigino kiguse vidole), anayeongea yasiyoeleweka, au anayehema akiwa amekaa tu na kifua kinakoroma. Na kama njia inapitika na watu wa kumbeba wapo, anashuka sasa hivi. Begi ni la pale kushuka kumegoma.

1. Sehemu tambarare, mawe yaondolewe, godoro chini. Mchana weka kivulini, maana jua likilipiga ndani panakuwa tanuri.

2. Akojoe. Mnacheka, ila saa nzima ni ndefu.

3. Vidonge alivyoandikiwa ameze kabla ya kuingia. Viatu, mkanda na kisu vibaki nje. Aingie na slipingi begi, oksimita (kile kipimo cha oksijeni mwilini) kidoleni, mkono ukae upande wa dirisha ili usome ukiwa nje. Anayetapika alale ubavu. Asiyepumua mwenyewe usimfungie humo, hutaweza kumsaidia.

4. Mweleze kabla ya zipu: masikio yataziba kama gari linaposhuka kutoka Marangu. Ameze mate, au abane pua apulize taratibu. Kidole gumba juu maana yake sawa, kugonga dirisha maana yake simamisha. Uso wako usiondoke dirishani, wapo wanaoogopa kufungiwa.

5. Funga, pampu polepole. Akishika masikio, simama, punguza kidogo, kisha endelea.

6. Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa Kibo, usiku, miaka yangu ya mwanzo. Nilipampu mpaka vali zikapiga filimbi na geji ikasoma kamili, nikajua kazi imeisha. Begi limejaa ndi, halivuji popote, nikakaa zangu na kikombe cha chai. Kama dakika kumi hivi baadaye nachungulia, mgeni jasho linamtiririka, anahema mbio, anagonga dirisha. Alikuwa anavuta pumzi yake mwenyewe. Zile vali zikipiga filimbi, ndiyo hewa chafu inatoka, na haitoki mpaka wewe uingize mpya. Kwa hiyo PAMPU HAISIMAMI. Mara 10 hadi 20 kwa dakika, muda wote, hata geji ikiwa imejaa. Panga watu watatu, mpokezane kila dakika tano, kwa sababu kupampu mita 4,700 kunaweza kukupatia mgonjwa wa pili. Usimwachie dogo aliyetoka samiti (kileleni) anasinzia. Na kosa halikuishia hapo: kwa kiwewe niliachia presha yote kwa mkupuo, masikio yakamsumbua mpaka siku ya ndege. Achia taratibu, zipu ifunguliwe geji ikiwa sifuri.

7. Baada ya saa moja mtoe, mpime upya kwa mstari ule ule. Bado anayumba? Arudi.

8. Akipata nafuu ANASHUKA. Nafuu ya begi hukaa saa chache, kisha ugonjwa unarudi. Yule wangu tulimteremsha usiku uleule hadi kambi ya Horombo, ndiyo nikapumua.

MASWALI

Simba_wa_Machame: Mkuu, mgeni wangu siku zimembana. Nimlaze kwenye begi kwa saa mbili hapo Barafu halafu tuunge samiti?
Mwandishi: Hapana.
Simba_wa_Machame: Ila kalipa hela ndefu, na mwenyewe anataka.
Mwandishi: Namba 8. Ukimaliza kuisoma, isome tena.

Binti_Kiboriloni: Shikamoo kaka. Nina mwaka mmoja tu mlimani. Mgonjwa wa mapafu akilala chali anazidi kubanwa, sasa humo ndani anakaaje?
Mwandishi: Marahaba dada, hili wengi hawaulizi. Tafuta mteremko mdogo, kichwa kiwe juu, au inua upande wa kichwa kwa mizigo laini. Hakikisha hateremki akajikunja miguuni. Na huyo hata hatua kumi asitembezwe, abebwe mpaka kwenye begi.
Binti_Kiboriloni: Kwa nini tusimpe tu mtungi wa oksijeni?
Mwandishi: Mpe ukiwepo, ni mzuri sana. Ila mtungi unaisha. Begi linaendelea maadamu kuna mtu wa kupampu.

Mama_Junior_Arusha: Samahani natoka nje ya mada. Mama ana kidonda cha kisukari mguuni, nasikia kuna tiba ya kuingia kwenye chumba cha presha. Ndiyo hili begi?
Mwandishi: Mpe pole mama. Siyo hili, na mtu asikuuzie hili kwa kidonda. Mtambo wa hospitali ni kitu kingine: anavuta oksijeni tupu, presha mara 2 hadi 2.5 ya ile ya usawa wa bahari, saa moja na nusu au mbili kwa kikao, na vikao vinaweza kufika 30 au 40. Masikio huziba vilevile. Anavaa nguo za pamba, hapaki mafuta wala manukato, haingii na simu wala kiberiti, kwa sababu penye oksijeni nyingi moto hauna mchezo. Sukari inaweza kushuka akiwa ndani, kwa hiyo apimwe kwanza na awe amekula. Kidonda bado kitasafishwa na sukari itadhibitiwa kama kawaida. Anzeni kwa daktari wake wa kisukari.

Mpishi_Mkuu: Nyongeza: mgeni akilalamika kichwa asubuhi, ulizeni kwanza kama aliota jiko hemani. Sumu ya hewa ya jiko na ugonjwa wa mlima dalili zinafanana.
Mwandishi: Kweli kabisa. Atoke nje kwenye hewa safi kwanza.

Kijana_wa_Pasua: Pampu ya begi letu imepotea, ya baiskeli inafaa?
Mwandishi: Haitoi hewa ya kutosha. Bila pampu yake, hilo ni turubai.
Mpishi_Mkuu: Stoo kwetu ipo ya ziada. Pitia Jumamosi, uje na begi tuijaribu.